UZI: Kivumbasi na antioksidanti. Rangi ya zambarau ikigeuka njano maabara, tumejua nini hasa?

Mwana wa Tengeru

Wakuu habari za wakati huu. Wakubwa zangu shikamooni.

Naleta uzi huu kwa sababu jambo lenyewe linanigusa. Moshi mjini na hapa Arusha kuna unga wa kijani unauzwa kwenye vikopo: majani ya kivumbasi yaliyokaushwa na kusagwa. Unga wenyewe sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni ile karatasi iliyobandikwa juu ya kopo: "Antioksidanti nyingi, imethibitishwa na maabara, huondoa sumu zote mwilini, hutibu sukari, presha, saratani na nguvu za kiume." Hapo kwenye "imethibitishwa na maabara" ndipo ninapotaka tukae, maana maabara ya mimea ndiko ninakopatia ugali wangu na kivumbasi ni mmea ninaoujua kwa mkono.

Kwanza tujue tunazungumzia mmea upi. Nusu ya ubishi wa kivumbasi huanzia hapa, kwa kuwa watu wa huku wanaita hivyo mimea zaidi ya mmoja.

Kuna Ocimum gratissimum, ambao maandishi mengi ya zamani yanauita Ocimum suave. Kichaka chake kinaweza kumpita mtu kimo, shina la chini ni mti kabisa, majani mapana yenye meno pembeni. Ukifikicha jani, harufu inayokujia ni ya karafuu. Halafu kuna Ocimum kilimandscharicum. Jina la kisayansi limebeba mlima wetu. Huu una majani membamba zaidi, yenye vinyweleo vinavyoyapa rangi ya kijivu kidogo, na harufu yake ni kafuri inayopanda moja kwa moja puani. Yote miwili ni ukoo mmoja na mrehani na mnanaa. Yote miwili wazee wetu wameitumia kufukuza mbu, na mwaka 2008 ulichapishwa utafiti kuhusu mimea ya kufukuzia mbu huku kaskazini mashariki ambamo hii miwili ilitajwa waziwazi.

Kwa mbu inaweza kwenda pamoja. Kwa antioksidanti, hapana. Harufu ya karafuu inatokana na yujenoli, kemikali ileile iliyojaa kwenye karafuu za Pemba na Unguja, na ndiyo harufu unayoisikia kwa daktari wa meno anapoziba jino kwa muda. Yujenoli ni fenoli, yaani ina kichembe cha haidrojeni ambacho iko tayari kukiachia. Kafuri haina kitu hicho cha kuachia. Kwa hiyo mafuta ya mmea wa pili yanaweza kunukia nyumba nzima na kumfukuza mbu vizuri, lakini ukiyapima kama antioksidanti yanakaa tu, hayafanyi kitu cha maana.

Sasa muuzaji anayechuma "kivumbasi" chochote kando ya mfereji, akasaga pamoja, akaandika maneno yaleyale kwenye kopo, ameuza nini? Hata yeye hawezi kujibu.

Naendelea kwenye posti inayofuata, msinikatize kwanza.

Mwana wa Tengeru

Inaendelea.

Antioksidanti ni nini? Kata parachichi uliache mezani. Baada ya muda nyama yake inakuwa kahawia, kwa sababu vimeng'enya vya tunda vimekutana na oksijeni ya hewani. Ukipaka ndimu, inachelewa kugeuka: asidi inavipunguza nguvu vile vimeng'enya, na vitamini C inajitoa yenyewe kuoksidishwa badala ya tunda. Hiyo kazi ya vitamini C ndiyo kazi ya antioksidanti.

Ndani ya miili yetu pia kuna radikali huru, molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzake, zinazonyakua kutoka kwa jirani ili zitulie. Antioksidanti ndiyo inayojitoa kunyakuliwa, kama fenoli na ile haidrojeni yake. Zinazaliwa kila tunapopumua na kuchoma chakula. Moshi wa sigara na moshi wa kuni jikoni vinaziongeza.

Maabara tunapimaje? Kipimo kinachotumika sana kwa majani kinaitwa DPPH. Ni unga wa rangi ya zambarau iliyokolea, radikali ambayo kwa bahati ni tulivu kiasi cha kukaa kwenye chupa. Ilitengenezwa mwaka 1922, na mwaka 1958 Blois akaonyesha namna ya kuitumia kupimia antioksidanti. Unaiyeyusha kwenye methanoli, unapata maji ya zambarau. Unaongeza dondoo la majani (kimiminika kilichonyonya kemikali za majani) kwa viwango tofauti, unaweka gizani nusu saa, halafu unasoma kwenye spektrofotomita, mashine inayopima ukolezi wa rangi, kwa mwanga wa nanomita 517.

Kama dondoo lina nguvu, zambarau inafifia mbele ya macho yako. Inapita kwenye rangi kama ya waridi lililochakaa, inaishia njano. Dondoo la kivumbasi cha karafuu, likiwa limekaushwa vizuri, linafanya kazi hii kwa haraka ya kupendeza. Nasema wazi ili nisieleweke vibaya: huu mmea una nguvu ya kweli. Mbali na yujenoli, majani yake yana asidi ya rosmarini, ambayo molekuli yake moja ina sehemu nne za fenoli, pamoja na flavonoidi, kundi jingine la fenoli za mimea. Hayo si maneno ya kwenye kopo, yanapimika.

Mfano wa hesabu. Zambarau tupu imesoma 0.90. Ukitia dondoo ikasoma 0.36, umepunguza 0.54, ambayo ni asilimia 60 ya ile ya mwanzo. Unarudia kwa viwango vingi hadi upate kiwango kinachofuta nusu ya rangi, ambacho tunakiita IC50. Namba ikiwa ndogo ndiyo nguvu zaidi. Wengi hapa wanasoma kinyume, wakiona IC50 kubwa wanashangilia.

Na hicho ndicho kipimo. Zambarau, njano, namba. Kwenye ile chupa hakuna damu, hakuna ini, hakuna kongosho, hakuna mgonjwa.

Mangi wa Rau

Mkuu nimekusoma vizuri na nakushukuru kwa somo. Mimi ni mmoja wa hao wauzaji unaowasema, nauza unga wa kivumbasi na majani mengine pale Mbuyuni, sijifichi. Lakini kaka, umesema mwenyewe mmea una nguvu ya kweli. Radikali huru zinaleta saratani na sukari, hilo hata hospitalini wanasema. Kivumbasi kinaua radikali huru, umeona kwa macho yako kwenye mashine. Sasa kosa langu liko wapi nikimwambia mteja kinatibu? Mbona moja na moja ni mbili?

Mwana wa Tengeru

Mangi, karibu sana, na nimefurahi umejitokeza kwa heshima. Hoja yako ndiyo hoja ambayo dunia nzima iliifuata kwa miaka mingi, na watu wenye elimu kubwa, kwa hiyo tuichukue kwa uzito.

Mwaka 1956 Denham Harman alipendekeza kwamba uzee unatokana na uharibifu wa radikali huru. Baada ya hapo ikaonekana kama ulivyosema: kama radikali ni adui, basi antioksidanti ni dawa. Wakaamua kujaribu kwa binadamu. Finland walichukua wanaume wavutaji sigara 29,133 na kuwapa baadhi yao beta-karotini, antioksidanti ya kwenye karoti, miligramu 20 kila siku kwa miaka. Matokeo yakatoka mwaka 1994: waliokunywa beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiokunywa. Zaidi, Mangi, wala si pungufu. Marekani walikuwa na utafiti wao wa watu 18,314, wavutaji na watu waliofanya kazi kwenye asbesto. Mwaka 1996 wakausimamisha kabla ya wakati, kwa sababu upande wa waliokunywa vidonge saratani ya mapafu ilikuwa juu kwa asilimia 28.

Beta-karotini kwenye chupa ya maabara ni antioksidanti safi kabisa. Kwenye mapafu ya mvutaji sigara mambo yakawa mengine.

Kwa nini moja na moja isiwe mbili? Sababu zipo kadhaa, nitaje zile zinazonigusa zaidi.

Mwili una ulinzi wake mwenyewe, na ni mkubwa kuliko wa majani. Umewahi kumwagia kidonda ile dawa ya haidrojeni peroksaidi ikatoa povu jeupe? Lile povu ni oksijeni, na anayeitoa ni kimeng'enya chako kinachoitwa katalasi, kinavunja peroksaidi mamilioni kwa sekunde. Mwenzake, superoksidi dismutasi, aligunduliwa mwaka 1969 na McCord na Fridovich. Hawa wako ndani ya seli saa zote. Kikombe chako cha kivumbasi kinakuja kuwakuta kazini.

Halafu kile kinachofika kwenye damu si kile kilichokuwa kwenye jani. Yujenoli ukiinywa, ini linaikamata haraka, linaifunga na kuipeleka kwenye figo, na ndani ya saa 24 sehemu kubwa imeshatoka kwa mkojo. Ikiwa imefungwa hivyo, ile haidrojeni iliyokuwa inafuta zambarau haipo tena mahali pake.

Na radikali zenyewe si uchafu mtupu. Seli nyeupe za damu zinapomeza bakteria, zinamuua kwa kummwagia radikali hizohizo. Ukizifuta zote umemnyang'anya askari silaha yake.

Wamarekani walikuwa na orodha rasmi ya vyakula na alama zake za antioksidanti, wizara yao ya kilimo ndiyo iliyokuwa inaiweka mtandaoni. Mwaka 2012 waliiondoa, wakasema kampuni zinaitumia vibaya na kwamba zile alama hazionyeshi kinachotokea mwilini. Hao ndio walioitengeneza orodha, Mangi.

Kwa hiyo ukimwambia mteja "majani haya yana fenoli nyingi", umesema kweli. Ukimwambia "yanatibu sukari", umeruka mto ambao hakuna aliyeuvuka bado.

Binti Kibosho

Naomba niongee hapa ingawa mimi si mtaalamu. Mama yangu ana sukari, anakunywa metformini. Mwaka jana jirani alimletea unga wa majani, akaambiwa ni antioksidanti, unasafisha kongosho, dozi ya mwezi mmoja halafu unaachana na vidonge vya hospitali. Mama akaacha vidonge kimyakimya, hakutuambia. Tulikuja kujua alipoanza kuchoka na kukojoa usiku kucha, tukampeleka kupima, sukari ilikuwa juu mno. Sasa yuko sawa, amerudi kwenye dawa zake.

Simlaumu jirani, alileta kwa upendo. Lakini kaka Mwana wa Tengeru, kuna njia mama akaendelea na kivumbasi chake bila madhara? Maana anakipenda. Anasema bila hiyo chai haoni usingizi.

Nesi wa Pasua

Dada pole sana na mpe mama shikamoo yangu. Niongee kama nesi.

Chai ya kivumbasi, kikombe kimoja kwa siku, kwa mtu mzima ambaye anaendelea na dawa zake na anapima sukari yake kama alivyopangiwa, siwezi kukukatalia. Ninachokataa ni kuacha dawa na ni kuficha. Mwambie kliniki siku ya miadi. Tukijua tunafuatilia. Tusipojua tunabaki kushangaa vipimo.

Kuna watu wengine ambao kwao ningesema subiri kwanza. Wanaokunywa warfarini ya kuyeyusha damu, kwa sababu maabara imeonyesha yujenoli inapunguza chembe sahani (zile zinazogandisha damu) kushikamana, hatutaki mambo mawili yavute upande mmoja. Na wajawazito. Kina mama wanapewa vidonge vya kuongeza damu kliniki, halafu wanavinywa na chai ya rangi au chai ya majani. Fenoli zinashika madini ya chuma tumboni, yanapita bila kufyonzwa. Kile kile kinachosifiwa kwenye kopo ndicho kinachomnyima mama madini yake ya chuma. Vidonge vinywe kwa maji, chai ikae mbali na mlo. Na mjamzito asinywe dondoo zito la jani lolote kwa ushauri wa mtandaoni.

Halafu jamani tusisahau 2011. Wengi hapa tulikuwepo. Watu walipanda magari kutoka nchi nzima, na hata nje ya nchi, kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kwa shilingi 500. Ile ilikuwa mizizi ya mugariga. Kuna waliorudi wakaacha ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Mmea haukuwa na kosa lolote. Kosa ni kuacha dawa kabla hujapima.

Mzee wa Usa

Nawasoma vijana wangu. Hamjambo huko?

Mimi nimekulia kwenye kihamba, shamba la nyumbani la Wachaga, kivumbasi kilikuwa kwenye uzio pamoja na masale. Bibi zetu hawakusaga unga. Mtoto akikohoa, jani bichi linachumwa, linafikichwa, linatiwa maji ya moto, ananuswishwa mvuke na kunyweshwa kidogo. Tumbo likisokota, vivyo hivyo. Hakuna aliyekausha isipokuwa kiangazi kikali. Nauliza: huu ukaushaji wa siku hizi, watu wanaanika juu ya mabati barabarani, je, hiyo nguvu mnayoipima inabaki?

Mwana wa Tengeru

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ndilo ningependa kila muuzaji alisome, kwa sababu hapa ndipo jani linapouawa au kuokolewa, na hakuna mashine inayohitajika.

Jani likichumwa bado liko hai kwa muda. Seli zake zikipondwa, kimeng'enya kinachoitwa polifenoli oksidasi kinakutana na fenoli na kuanza kuzioksidisha, ndiyo maana jani lililorundikwa kwenye kiroba likapata joto linatoka na mabaka meusi. Hayo mabaka ni antioksidanti zako zilizokwisha kutumika. Kwa hiyo usirundike. Chuma asubuhi umande ukishakauka, tandaza siku hiyohiyo, safu nyembamba, kwenye chekecheke au wavu ulioinuliwa hewa ipite chini na juu.

Juu ya mabati jua la saa sita linafanya mambo mawili. Linafukuza mafuta ya harufu, na yujenoli inaondoka nayo. Na mwanga wenyewe unavunja rangi ya kijani na baadhi ya fenoli. Utajua kwa macho: jani la kivulini linabaki kijani cha giza, la kwenye bati linakuwa la rangi ya nyasi kavu. Na vumbi la barabarani je? Hakuna dondoo litakalofuta hilo. Sisi maabara tunakausha kivulini, au kwenye tanuri lisilozidi nyuzi 40.

Darini juu ya moto wa kuni, kama tunavyohifadhi mahindi, pia sishauri. Moshi unaacha kemikali zake kwenye jani, nyingine ni zilezile tunazozikimbia.

Ila kivuli nacho kina masharti. Wenzangu wa Marangu, Machame na Kibosho, masika hewa yenu imeshiba maji. Jani likikaa kivulini wiki nzima bila kukauka linapata ukungu, na jani lenye ukungu ni la kutupa, si la kupepeta. Msimu huo tumieni jani bichi kama bibi alivyofanya, au kausheni kwa kikaushio cha sola chenye kifuniko cheusi. Huku chini kiangazi siku chache zinatosha. Jani liko tayari pale unapolivunja kwa vidole likalia na mshipa wake wa katikati ukakatika. Kama mshipa unapinda, bado.

Kisha usisage mapema. Unga unakutana na hewa kila upande na unaisha nguvu haraka kuliko jani zima. Tunza majani mazima kwenye kopo lisilopitisha mwanga, saga kidogo unapohitaji. Zile chupa angavu zinazopangwa juani mezani sokoni, hata kama jani lilikuwa bora, linaendelea kufa pale pale mbele ya mteja.

Na kuandaa: bibi alikuwa sahihi, mzee. Maji ya moto yanatoa asidi ya rosmarini vizuri tu. Yujenoli inapanda na mvuke, kwa hiyo sufuria ifunikwe. Tia majani kwenye maji yaliyochemka, funika, dakika kumi. Ukichemsha wazi nusu saa hadi jikoni kote kunukie, hiyo harufu unayoisifia ndiyo dawa iliyokwisha kuondoka.

Mzee wa Usa

Marahaba mwanangu. Nimeridhika. Bibi alikuwa anafunika kwa jani la mgomba.

Kemia Sita

Braza naomba msaada. Niko chuo, napanga mradi wangu wa mwisho kwenye dondoo la majani ya kivumbasi. Nimesoma wengine wanatumia methanoli, wengine ethanoli, wengine maji. Msimamizi ananiambia chagua. Na je, nikishapata dondoo la methanoli naweza kuwapa watu wajaribu?

Mwana wa Tengeru

Mdogo wangu, nianze na la mwisho kwa sababu linaua. Methanoli hainywewi. Mwili unaigeuza kuwa asidi ya fomiki, mtu anapofuka, anakufa. Tunasikia kila mara habari za pombe chafu, ni kemikali hiyohiyo. Hata ukiikausha kwenye mashine ya kuzungusha, dondoo la methanoli ni la kwenye chupa za kipimo tu. Hakuna binadamu anayeonja chochote kwenye mradi wako bila kibali cha kamati ya maadili. Na wengine mnaosoma hapa, msiloweke majani kwenye spiriti ya duka la vifaa.

Kuhusu kimiminika, ningekuwa wewe ningechukua ethanoli ya asilimia 70 na maji ya moto, sambamba. Ethanoli yenye maji inachukua fenoli za pande zote mbili, zinazopenda maji na zinazopenda mafuta. Maji ya moto yanaiga kile mama wa Binti Kibosho anachokunywa. Ukiweka matokeo ya yote mawili pembeni kwa pembeni, utakuwa umejibu swali ambalo watu wanaishi nalo. Tafiti nyingi zinaishia kwenye methanoli, zinapata namba nzuri, na hakuna nyumba hata moja inayokunywa methanoli.

Sasa yale yanayowaangusha wengi. Dondoo la majani ni la kijani, lina rangi yake. Ukisoma kwenye mashine bila kutoa rangi hiyo, umechanganya klorofili na DPPH. Kwa kila kiwango andaa chupa ya pili yenye dondoo bila DPPH, uitoe kwenye hesabu. Watu wanaruka hatua hii kwa kuokoa kemikali, na namba zao hazifai.

Kipimo cha fenoli zote, kile cha Folin kinachogeuka bluu na kusomwa kama nanomita 765, hakihesabu fenoli peke yake. Vitamini C na baadhi ya sukari nazo zinakigeuza. Andika hivyo kwenye majadiliano yako, msimamizi atakuheshimu. Ongeza na FRAP, ile inayopima chuma kikigeuzwa, kwa sababu kipimo kimoja hakitoshi kusimama peke yake. Weka vitamini C kama kipimo cha kulinganishia, rudia kila kiwango mara tatu.

Na kabla ya yote, peleka tawi lako, lenye maua, hebaria ya taifa (hifadhi ya sampuli za mimea iliyokaushwa) hapa Ngaramtoni likatambuliwe na kupewa namba. Bila hiyo hatujui kama umepima mmea wa karafuu au wa kafuri, na anayekuja nyuma yako hawezi kurudia kazi yako. Vifaa kama huna chuoni kwenu, uliza chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru, wanafunzi wa vyuo vingine huwa wanafika na barua zao.

Kemia Sita

Shukrani sana braza. La rangi ya dondoo hakuna aliyeniambia. Nitaweka na hiyo chupa ya pili.

Mangi wa Rau

Mkuu, nimekaa na maneno yako tangu jana. Sijapenda yote lakini siwezi kuyapinga. Hasa habari ya mama wa Binti Kibosho. Dada, pole sana.

Mimi biashara siwezi kuacha, watoto wanasoma kwa hiyo hiyo. Lakini naomba uniandikie karatasi ya kubandika ambayo wewe ungeiweka sahihi yako. Na unieleze niende wapi nikisajili.

Mwana wa Tengeru

Mangi, ujumbe wako umenipa moyo kuliko chochote kwenye uzi huu. Wala sikutaki uache. Nataka jani zuri liuzwe kwa maneno ya kweli, na muuzaji wa namna hiyo apate wateja kuliko wale wengine.

Karatasi yako ningeiandika hivi:

"Majani makavu ya kivumbasi (Ocimum gratissimum). Yamechumwa Rau, yamekaushwa kivulini. Tarehe ya kuchuma: ___. Tia kijiko kimoja kidogo kwenye kikombe cha maji yaliyochemka, funika dakika kumi. Ni kiburudisho cha majani. Si mbadala wa dawa ya hospitali. Mjamzito, anayenyonyesha na anayetumia dawa ya kuyeyusha damu aulize kwanza kituo cha afya. Hifadhi mbali na mwanga."

Neno antioksidanti sijaliweka, na nimefanya kusudi. Ukitaka kuliweka, pima kundi lako la majani, uandike limepimwa lini na kwa njia gani.

Usajili: kama unauza kama dawa ya asili, kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala chini ya Wizara ya Afya, lipo kwa sheria ya mwaka 2002. Anza kwa mratibu wa tiba asili kwenye ofisi ya mganga mkuu wa wilaya, atakuelekeza fomu na sampuli ziende wapi. Uchunguzi wa usalama hufanywa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Kama unauza kama majani ya chai, hapo ni chakula, nenda TBS, Shirika la Viwango. Amua kwanza uko upande gani, maana huwezi kuandika "chai" upande mmoja wa kopo na "hutibu" upande mwingine.

Na chuma kile cha karafuu peke yake. Kile cha kafuri kipande kando, kitenge, ukiuze cha kufukuzia mbu. Wenzetu wa Kakamega kule Kenya wanakilima kabisa, wanakikamua mafuta na kutengeneza dawa ya kuchua. Hiyo nayo ni pesa.

Mangi wa Rau

Nimekupata. Kopo jeusi lisilopitisha mwanga hapa Moshi linapatikana wapi kwa bei ya jumla? Yale angavu nilishanunua mzigo.

Nesi wa Pasua

Usiyatupe Mangi. Yavalishe karatasi ya kaki kuzunguka yote, acha kifuniko tu, na uyaweke ndani ya boksi hadi mteja afike. Mzigo ukiisha ndiyo ubadilishe.